Shukrani Mbele, Kero Nyuma: Wakazi wa Miji Yetu na Wanaowasikiliza

Risala ya wananchi ina mpangilio wake, na kila aliyekulia Tanzania anaujua. Mgeni rasmi akishaketi, msomaji husimama na karatasi yake. Humkaribisha, humpongeza, huishukuru serikali kwa madarasa mawili, kisima, au barabara iliyochongwa mwaka jana. Kisha, karatasi ikigeuzwa, orodha inaanza: maji hayatoki, zahanati haina dawa, mtaro umeziba tangu masika. Shukrani mbele, kero nyuma. Wapo wanaoona ni adabu tu ya kupokea mgeni. Mimi naona katika karatasi hiyo moja imekunjwa historia ya zaidi ya miaka mia moja na hamsini ya watu wa miji yetu wakijaribu kusikilizwa.

Katika muda wote huo wakazi hawakukosa la kusema, wala ufasaha wa kulisema. Kilichobadilika ni nani aliyeketi mbele yao, na kama waliosema walikuwa na namna yoyote ya kumdai jibu.

Miji ya pwani ilikuwa na utaratibu wake kabla ya manispaa kujulikana. Mombasa iligawanyika katika Thenashara Taifa: Tisa Taifa upande mmoja, Thelatha Taifa upande wa pili, kila upande ukiwa na tamimu wake aliyewasemea watu wake. Baada ya utawala wa Wamazrui kuangushwa mwaka 1837, Sultani wa Unguja aliweka liwali wake pale, lakini liwali aliyewapuuza matamimu alijitafutia taabu. Mzizima, kijiji ambacho Sultani Majid bin Said alianza kukigeuza kuwa mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, kilikuwa na majumbe wa Kishomvi waliopaswa kuelewana na Wazaramo wa bara kabla ya jambo lolote kubwa kufanyika. Na Unguja kwenyewe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na baraza lake ambapo watu walifika na haja zao.

Tusilipambe baraza hilo kupita kiasi. Mtumwa hakuwa na kiti pale. Wanawake wengi walisemewa na waume na kaka zao. Mgeni aliyefika mjini bila ukoo wa kumsimamia alikuwa kama hayupo. Lakini kwa wale walioingia, kulikuwa na jambo moja la thamani: aliyesikiliza aliishi mji uleule. Alinunua samaki soko lilelile, akaswali nao Ijumaa, akazika nao. Kukataa kujibu kulikuwa na gharama yake, maana siku ya pili angekutana na mdai wake njiani.

Wajerumani walilivunja hilo. Dar es Salaam ilipofanywa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, mwenye kusikiliza akawa mkuu wa wilaya, ambaye watu walimwita bwana shauri. Aliketi siku za shauri, wakazi wakapanga foleni na madai ya ndoa, deni, mpaka wa kiwanja na kodi. Chini yake walikuwepo maliwali, maakida na majumbe wa kulipwa. Foleni hizo zilikuwa ndefu, na wapo maofisa walioandika kwa fahari jinsi Waafrika walivyopenda kuleta mashauri yao. Lakini kando ya meza hiyohiyo kilikuwepo kiboko. Mtu aliyekwenda kudai aliweza kurudi nyumbani amechapwa hamsa ishirini. Katika mazingira ya namna hiyo sisiti kusema kwamba shukrani mwanzoni mwa maombi ilikuwa ngao. Ukimsifu mkubwa kwanza, unampunguzia sababu ya kukuona mkorofi. Tabia hiyo iliwaokoa babu zetu, na haikuondoka pamoja na Wajerumani.

Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916 walirithi mji ambao sheria ya ujenzi ya 1914 ilikuwa tayari imeugawa katika kanda tatu. Wakaendeleza. Uzunguni kulikuwa na bustani na maji ya bomba, Uhindini maduka na ghorofa, Uswahilini nyumba za udongo za Kariakoo na Ilala, na katikati uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi ili kuwatenga watu. Mamlaka ya mji ilikuwa na wajumbe wa kuteuliwa, Wazungu na Wahindi. Sehemu kubwa ya wakazi ilikuwa Waafrika, lakini kwa miaka mingi hakuna mtu wao aliyeketi katika kikao kilichoamua gari la taka lipite wapi. Wao walipewa liwali na wazee wa mji: wasikilizwe, washauri, waishie hapo.

Ndipo ikaanza kazi ambayo, kwangu, ni ya kishujaa kuliko inavyosimuliwa: kazi ya kuandika. African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ilipeleka barua baada ya barua serikalini. Erica Fiah, mwenye duka kutoka Uganda aliyehamia Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937, na humo shida za Mwafrika wa mjini zikapata wino. Gazeti halikuwa baraza, lakini lilifanya jambo ambalo bwana shauri hakulitaka. Kero iliyosemwa mezani kwake ilibaki kati yake na mlalamikaji. Kero iliyochapwa ilisomwa na jirani, ambaye alitambua kwamba mtaro wake nao umeziba. Malalamiko ya mtu mmoja yakawa ya mtaa.

Unguja hawakungoja magazeti. Wakazi wa Ng'ambo, ng'ambo ya hori lililowatenga na Mji Mkongwe, walikuwa wakitozwa kodi ya ardhi ambayo nyumba zao zilisimama juu yake, na kodi ikapanda. Mwaka 1928 walikataa kulipa. Walipokamatwa baadhi yao, wenzao waliwatoa gerezani kwa nguvu. Serikali ya kikoloni, ambayo ilikuwa haijasikia maombi ya wapangaji wa Ng'ambo kwa miaka, ikalazimika kuingilia suala la kodi. Nairobi yalikwisha kutokea makubwa zaidi. Harry Thuku na wenzake wa East African Association walifuata njia ya heshima: mwaka 1921 walikutana, wakapitisha maazimio kuhusu kodi, kipande cha utambulisho na mishahara, wakayapeleka London kwa simu ya maandishi. Machi 1922 Thuku alikamatwa. Umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai ulipigwa risasi, na zaidi ya watu 20 wakafa, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa woga wao. Mji huo ulikuwa na halmashauri ya manispaa tangu 1919. Si kwamba hapakuwa na chumba cha vikao Nairobi. Waliouawa hawakuwa na mlango wa kuingilia humo.

Tanganyika ilikuwa na upenyo ambao Kenya haikuwa nao. Baada ya vita ya pili ya dunia ilikuwa nchi ya udhamini, na ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa iliruhusu maombi ya wenyeji kupokelewa na Baraza la Udhamini na wajumbe kutumwa kuikagua nchi. Wajumbe hao walikuja mara ya kwanza 1948, wakaendelea kuja kila baada ya miaka mitatu. Kila walipopita, watu waliwakabidhi maombi. Wameru walipoondolewa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, mwakilishi wao Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza kilio chao. Alisikilizwa na dunia nzima. Ardhi haikurudishwa wakati huo. Safari ile ndefu ilifundisha kwamba mtu anaweza kusikilizwa kwa heshima zote na asijibiwe.

Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na meya wa kwanza hakuwa Mwafrika. Ilichukua miaka mingine kumi na moja. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichaguliwa kuwa meya, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Alikuwa mshairi, mtunzi wa kitabu cha 1954 kilichofafanua sheria za kutunga mashairi ambacho walimu wa fasihi bado wanakitegemea. Nimewahi kujiuliza kikao kilikuwaje mbele ya meya wa namna hiyo, mtu aliyeweza kumsikiliza mama wa Magomeni bila mkalimani na bila haraka. Nairobi ilimpata Charles Rubia mwaka 1962. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Kariakoo au wa Pumwani aliweza kusema: huyu tulimweka sisi.

Kipindi hicho kilikuwa kifupi mno.

Mwaka 1972 serikali ya Tanzania ilitangaza madaraka mikoani. Mpango huo uliandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, na nia iliyotajwa ilikuwa njema: kuyashusha maamuzi kutoka wizarani hadi karibu na wananchi. Kilichoshuka ni watumishi wa serikali kuu. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na kufikia 1974 za miji nazo zilikuwa zimekwenda, pamoja na baraza la jiji la Dar es Salaam. Diwani akatoweka. Mkazi mwenye kero alibaki na balozi wa nyumba kumi, mjumbe wa shina la chama. Balozi alijua kila mlango, aliamua ugomvi wa mke na mume, aliandika barua za utambulisho. Mabalozi wengi walikuwa watu wema waliofanya kazi kubwa bila mshahara. Lakini ngazi waliyoipandishia kero ilikuwa ya chama, na juu kabisa ya ngazi hiyo hapakuwa na mtu mwenye bajeti ya kuzibua mtaro wa Manzese.

Mitaro ikaziba. Vyoo vikajaa, taka zikalundikana, mabomba yakapasuka bila fundi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaingia mijini. Huu ndio ukurasa wa historia yetu ya miji ambao ningependa kila mwanafunzi wa uraia aufundishwe. Tumezoea kuhesabu kusikilizwa kama haki tu, kitu kizuri cha katiba, kumbe ni kinga ya mwili. Mkazi anayesema mtaro umeziba anatoa taarifa ya ugonjwa kabla haujafika. Mji usio na wa kuipokea taarifa hiyo huipata baadaye hospitalini. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji, kwa haraka. Sheria kamili za serikali za mitaa, namba 7 na namba 8, zilifuata 1982, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena kazi nchi nzima. Ibara za 145 na 146 zikaingia kwenye Katiba zikisema kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoulizwa katika miaka hiyo ni nini asingekirudia, alitaja kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache wa dunia waliowahi kukiri hivyo wakiwa bado madarakani.

Somo hilo halikukaa sana vichwani. Kenya ililisimamisha baraza la jiji la Nairobi mwaka 1983 na kuweka tume iliyoteuliwa hadi 1992. Dar es Salaam iliwekewa tume mwaka 1996 chini ya Charles Keenja. Lazima niseme kweli: tume ya Keenja ilisafisha mji, ilikusanya mapato, na wakazi wengi waliishukuru kwa dhati. Hapa ndipo shukrani inapokuwa ngumu. Mtu anaweza kufanyiwa vizuri na mtu asiyemchagua, na akashukuru bila unafiki. Lakini shukrani ya namna hiyo haina dhamana. Aliyekuja na ufagio kwa uteuzi huondoka kwa uteuzi, na anayemfuata hana deni kwako. Mwaka 2000 mji ukagawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, halmashauri ya jiji ikiwa juu yake. Ubungo na Kigamboni zikaongezwa baadaye. Na Februari 2021 halmashauri ya jiji ikavunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Katika mabadiliko yote hayo mkazi wa Vingunguti alilazimika kujifunza upya kila mara ofisi ipi ni ya nani.

Mageuzi yaliyomgusa zaidi yalikuja bila kishindo. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, mtaa ulitenganishwa na shina la chama, na mwaka 1994 wakazi wa mijini walichagua wenyeviti wao wa mitaa katika mfumo huo mpya. Mkutano wa mtaa ni kikao cha pekee katika mfumo wa miji yetu ambapo mkazi husimama mwenyewe na kusema kwa kinywa chake. Kwenye baraza la madiwani anaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Wa kusema kwa niaba yake ni diwani. Kwenye mkutano wa mtaa, chini ya mwembe au uwanja wa shule, muuza genge na mwalimu mstaafu wana nafasi sawa ya kunyoosha mkono. Hapo ndipo watu hudai kusomewa mapato na matumizi, na hapo, kwa uzoefu wangu, ndipo shukrani husikika ikiwa na uzito wake halisi.

Maana shukrani ya mkutano wa mtaa ina anwani. Haisemi tunaishukuru serikali kwa juhudi zake. Husema: tunashukuru taa ya kona ya msikiti imewaka, sasa wasichana wanarudi twisheni salama, ila ile ya daraja ilizimika baada ya wiki mbili. Hiyo ni shukrani na ukaguzi kwa pamoja. Imetaja kazi, mahali na hali yake leo. Mhandisi mwenye akili angeinakili neno kwa neno. Hanna Nassif, kule Kinondoni, wakazi walishiriki wenyewe kuchimba na kujenga mitaro ya maji ya mvua katika miaka ya 1990, na kazi hiyo ikawa mfano uliotajwa mbali. Mtu aliyebeba mawe ya mtaro anajua wapi umepasuka kuliko ramani yoyote, na akishukuru au akilalamika, anazungumza kama mwenye mali.

Bila mkutano wa namna hiyo, au ukiitishwa kwa jina tu, watu hutafuta njia ya juu. Tuliiona wazi katika miaka ya Rais John Magufuli, kuanzia 2015. Msafara ulisimama barabarani, mabango yakainuliwa, mwanamke akapewa kipaza sauti, ofisa akaitwa ajieleze papo hapo mbele ya umati. Wengi walilia kwa furaha, na siwezi kuwalaumu. Mjane aliyezungushwa miaka kwa kiwanja chake ana haki ya kumshukuru aliyemmalizia kwa dakika tano. Hata hivyo ni baraza la Sultani lililorudi likiwa na magurudumu. Kwa kila bango lililosomwa yalikuwepo mamia kwenye vijiji na mitaa ambayo msafara haukupita. Na kila kero iliyomfikia Rais ilikuwa ushahidi kwamba mwenyekiti wa mtaa, diwani na mkurugenzi walishaipokea au walipaswa kuipokea. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, ambao vyama vikuu vya upinzani vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa kwa wingi, uliipunguzia ngazi hiyo ya chini uzito wake mahali pengi, kwa sababu mwenyekiti asiyeshindanishwa hana sababu kubwa ya kuogopa swali.

Wakenya wamelipeleka jambo hili mahakamani, na ninawaonea wivu mwema. Katiba yao ya 2010 iliufanya ushiriki wa wananchi kuwa sharti, na ibara ya 196 inalibana bunge la kaunti kufanya shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha watu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya kodi na ushuru ilianguka kwa sababu watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kusema. Fikiria wakazi wa Ng'ambo wa 1928 wangesikia hivyo! Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 89, inakwenda hatua moja ambayo bwana shauri, Baraza la Udhamini na msafara wa mabango havikuwahi kuifikia: inazipa mamlaka za kaunti wajibu wa kuyajibu maombi ya wananchi, na kuyajibu upesi. Najua utekelezaji una kasoro. Vikao huitwa kwa tangazo la gazeti ambalo hakuna anayelisoma, saa ambayo wenye vibarua wako kazini, na nyaraka hutolewa dakika za mwisho. Lakini mkazi wa Nakuru aliyepuuzwa ana kifungu cha kukinyooshea kidole.

Sisi tuna kitu kidogo kinachoweza kufanya kazi ileile, na kimo tayari kwenye ajenda ya kila kikao: yatokanayo. Kikao kikifunguliwa, muhtasari uliopita husomwa na kuthibitishwa, kisha hufuata yatokanayo, yaani hatua zilizochukuliwa kwa yale yaliyosemwa mara ya mwisho. Katika mikutano mingi ya mtaa sehemu hiyo hurukwa, au husomwa upesi wakati watu bado wanatafuta viti, ili muda upatikane wa mgeni na risala yake. Ningependa halmashauri zetu zigeuze mpangilio huo. Yatokanayo yasomwe kwanza na kwa sauti, kero moja baada ya nyingine: iliyotatuliwa na tarehe yake, isiyotatuliwa na sababu yake, na jina la ofisi inayoishikilia. Muhtasari ubandikwe ukutani pa ofisi ya mtaa wiki hiyohiyo, si kufungiwa kabatini. Kisha wakazi waulizwe wana la kushukuru na la kulalamikia, na mtendaji aandike yote mawili kwenye daftari lilelile.